Elfu Thelathini kwa Kuchomeka Plagi

Kumtukana fundi wa magari ni burudani ya bure. Mwenye gari anatukana, anayepewa lifti naye anatukana, hata asiyejua gari linawekwa mafuta upande gani ana kisa chake: fundi aliyesema kesho kwa siku tisa mfululizo, fundi aliyechomoa spea nzima akaweka mbovu, fundi aliyepewa hela ya kifaa akazima simu. Visa hivyo vingi ni vya kweli. Hata hivyo nimechoka navyo, kwa sababu vinamwacha mtu mmoja akae pembeni akiwa msafi wa roho, na mtu huyo ni mteja. Nasema hivi: kubahatisha kunakofanyika kwenye gereji zetu chanzo chake kikubwa ni mfuko wa mteja na mahali anapoamua kuufungulia. Mteja wetu hulipia kifaa. Kufikiri halipii. Kisha anashangaa kwa nini kila akienda gereji anarudi na vifaa.

Nitatumia kesi moja tu, ya taa za pikapu. Niliifuatilia tangu siku ya kwanza hadi shilingi ya mwisho, na nusura imuue mjomba wangu.

Pikapu ni yake, dabo kabini aliyoinunua ikiwa imetumika, na kazi yake ni kubeba miche ya misindano na viazi kati ya Mafinga na Makambako. Ina taa za mbele zinazojiwasha. Kwenye swichi ya taa pameandikwa AUTO; ukiiacha hapo, giza likiingia taa zinawaka, kukicha zinazima. Mjomba aliipenda hiyo AUTO kuliko redio. Alikuwa akiwaonyesha abiria kila anapoingia kwenye kivuli kizito cha miti: "Umeona? Imewasha yenyewe."

Mwezi wa tano taa zikagoma kuzima. Akiwasha gari saa sita mchana, jua la utosi, nazo zinawaka. Akizungusha swichi kwenda OFF zinazima, akiirudisha AUTO zinawaka tena. Kila bodaboda aliyepishana naye alimfumbia na kumfumbulia vidole, ile ishara yetu ya "taa, mzee, taa!" Mjomba ni mtu wa heshima zake, na kuelekezwa na vijana barabarani kulimuuma kuliko hofu ya kumaliza globu. Akaipeleka pikapu kwenye gereji moja ya Iringa mjini, yenye bango kubwa na sofa la wateja.

Kabla sijasema walichofanya, nieleze kitu chenyewe. Najua hapa ndipo wasomi wenzangu hukunja uso na kusema mambo ya ufundi hawayawezi. Mnayaweza. Mlichora saketi kidato cha pili, mkazipata maksi zake, kisha mkaziacha kwenye chumba cha mtihani.

Taa zinazojiwasha zina jicho, ubongo na mkono. Jicho ni sensa ya mwanga. Kwenye magari mengine ni kitone cheusi juu ya dashibodi, ukubwa wa kifungo cha koti. Kwenye mengine, kama pikapu ya mjomba, ni kiboksi kilichobanwa kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, mara nyingi kikiwa pamoja na sensa ya mvua. Ubongo ni kompyuta ya bodi, ambayo mafundi wanaiita kontroli boksi. Mkono ni rilei au saketi inayopeleka umeme kwenye globu. Mwanga unageuzwa kuwa umeme kidogo, umeme huo ni habari, na habari inazaa amri. Basi. Wala si uchawi wa juzi: mwaka 1952 General Motors ya Marekani ilikuwa tayari inauza magari yenye jicho la umeme juu ya dashibodi, likiitwa Autronic Eye, ambalo kazi yake ilikuwa kushusha taa za fulu linapoona gari linakuja mbele.

Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, imetaja hadi vipimo. Mwanga wa nje ukishuka chini ya luksi 1,000, taa ziwake ndani ya sekunde 2. Ukipanda juu ya luksi 7,000, zizime, ila si papo hapo: zisubiri zaidi ya sekunde 5, na zisipitishe sekunde 300. Kati ya 1,000 na 7,000 mtengenezaji anaamua mwenyewe. Jua kali la mchana linaweza kufika luksi 100,000. Kwa hiyo pikapu inayowasha taa saa sita mchana, Iringa, bila wingu, ama jicho lake halioni, ama linaona lakini halisikiki.

Na pikapu ilikuwa inajieleza yenyewe. Usiku magari ya namna hii hupunguza mwanga wa dashibodi ili usimchome dereva macho. Ya mjomba ilikuwa inaupunguza mchana. Skrini ya redio ilififia hadi ulazimike kukinga kiganja ndipo usome. Maana yake ubongo uliamini kabisa kwamba ni usiku, na ulikuwa ukitoa amri zote za usiku kwa pamoja. Globu zilitii. Rilei ilitii. Aliyedanganyika ni ubongo, na kosa lilipaswa kutafutwa juu yake, kwenye jicho au kwenye waya unaotoka kwenye jicho. Huhitaji mashine kulijua hilo. Unahitaji kukaa kiti cha dereva dakika mbili ukitazama. Waliobuni mifumo hii waliweka busara ambayo mimi binafsi naipenda: katika magari mengi, habari za jicho zikikosekana, ubongo hauamui kuwa ni mchana. Unaamua kuwa ni usiku na kuwasha. Ni afadhali uchekwe na bodaboda kuliko uingie gizani bila taa.

Gereji ile haikukaa kiti cha dereva. Ilianza na globu. Mbili, mpya, shilingi 60,000. Kwa nini globu, sijui. Kama kuna kifaa kilichokuwa kimethibitisha uzima wake mbele ya bodaboda wote wa mkoa, ni globu. Taa zikaendelea kuwaka. Ikaja rilei, 45,000. Hapa walau kuna hoja, kwa sababu rilei huweza kung'ang'ania ikabaki imefunga hata baada ya kuachiwa. Lakini rilei iliyong'ang'ania haisikilizi hata ukizungusha swichi kwenda OFF, na taa za mjomba zilikuwa zinazima kwenye OFF bila taabu yoyote. Swali lilikuwa limeshajibiwa kabla hawajafungua boneti.

Ndipo wakaleta mashine. Najua heshima tunayoipa mashine. Fundi akichomeka kidude chenye taa ya kijani chini ya usukani, mteja hunyamaza kama yuko kanisani. Mashine ikasema hakuna kosa, na fundi akahitimisha kwamba kontroli boksi imekufa: ya mtumba ni shilingi 1,200,000, iagizwe Dar es Salaam.

Sikilizeni mashine hizi zinavyofanya kazi. Tangu mwaka 1996 magari mapya madogo yanayouzwa Marekani yanatakiwa kuwa na soketi ya uchunguzi ya aina moja, na mtindo huo ukaenea duniani. Kompyuta za gari zinapoona hitilafu huandika msimbo unaoanza na herufi: P kwa injini na gia, C kwa chasisi, B kwa mambo ya bodi, U kwa mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Mashine nyingi za bei ya chini husoma P na kuishia hapo. Taa na jicho lake ni mambo ya bodi. Kwa hiyo "hakuna kosa" ya siku ile ilimaanisha "injini yako haina kosa", jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Ni kumpima malaria mtu aliyekuja na jino bovu, na majibu yakirudi hasi, kuamua kung'oa taya.

Mjomba aligoma kutoa milioni na laki mbili. Nilimpongeza kwa hilo. Gereji nayo haikutaka aondoke mikono mitupu, ikamfanyia kile ambacho nusu ya magari ya mizigo nchini yamefanyiwa: walikata waya wa amri unaokwenda kwenye rilei, wakafunga swichi ndogo ya kubonyeza chini ya usukani, na waya wake ukatoka moja kwa moja kwenye betri hadi taa za mbele. Hapakuwa na fyuzi njiani. Maelekezo yalikuwa mafupi: "Hii ya kiwandani iache OFF, mzee, usiiguse tena. Ukitaka taa bonyeza hapa." Swichi na waya 25,000, ufundi 50,000. Jumla ya siku ile 180,000, na mjomba alilipa bila kubishana, kwa sababu alipewa ushahidi ndani ya boksi: globu mbili za zamani na rilei ya zamani. Aliziweka nyuma ya kiti kama mtu aliyetolewa mawe kwenye figo.

Swichi ya kiwandani, ukiiwasha, inawasha mambo mengi kwa mara moja: taa za mbele, taa za nyuma, taa ya namba, mwanga wa dashibodi. Swichi ya chini ya usukani ilikuwa inawasha za mbele peke yake.

Jioni moja ya mwezi wa saba nilikuwa kwenye gari la rafiki yangu, tunatoka Makambako kurudi Mafinga, na mjomba yuko mbele yetu mita mia hivi na mzigo wa viazi. Wanaoijua barabara ile kwa majira yale wanaujua ukungu wake. Hauji kama pazia, unapanda kutoka mabondeni na kukaa juu ya lami. Nilikuwa namwona mjomba, kisha nikawa simwoni. Hakukata kona. Mbele yake barabara ilikuwa imemulikwa vizuri na yeye alikuwa anaona kila kitu. Kwetu sisi wa nyuma palikuwa na weupe mtupu. Semitrela ikatupita, imeona mbele yetu pako wazi. Breki zake tulizisikia kabla hatujaona chochote, kisha honi, ndefu.

Tulipofika, semi ilikuwa nusu nje ya lami, utingo ameshuka na mikono kichwani, na kati ya bampa lake na viazi vya mjomba ungeweza kupitisha baiskeli. Dereva wa semi hakutukana. Alizunguka nyuma ya pikapu, akagusa taa ya nyuma kwa kidole, polepole, namna mtu anavyogusa paji la uso la mgonjwa. "Mzee," akasema, "huku huna kitu."

"Lakini taa zimewaka," akajibu mjomba. Na kweli, zilikuwa zimewaka.

Kuwaka mbele na kufa nyuma kuna watu wengine waliokuhangaikia. Kanada ilifanya taa za mchana kuwa lazima kwa magari mapya kuanzia mwisho wa mwaka 1989. Miaka ikapita, wakagundua tatizo: taa hizo zinawaka mbele tu, dashibodi nayo siku hizi inang'aa muda wote, basi dereva akiona mwanga mbele na mwanga kifuani anaamini kamaliza, kumbe nyuma giza. Wakayapa magari hayo jina linalokaribia kusema magari ya mizuka. Kuanzia Septemba 2021 kanuni zao zinataka gari jipya lichague: ama taa za nyuma ziwake pamoja na zile za mchana, ama taa zote zijiwashe giza likiingia, ama dashibodi ibaki na giza ili dereva ashtuke. Nchi nzima imekaa ikaandika sheria kwa ajili ya sentensi ile ya mjomba, "lakini taa zimewaka." Sisi tunaitengeneza hali hiyohiyo kwa makusudi, kwa 25,000, na kuiita suluhisho.

Aliyemaliza kesi ni kijana fundi umeme wa Mafinga anayefanyia kazi chini ya mkaratusi. Kwa dakika ishirini za kwanza hakugusa hata msumari. Aliuliza.

"Shikamoo mzee. Ilianza lini?"

"Marahaba. Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano gari lilifanyiwa nini?"

"Halikufanyiwa kitu."

"Chochote, mzee. Hata kuoshwa."

Mjomba akafikiri, akataja kuosha, akataja tairi, kisha akasema kama mtu anayekumbuka jina la jirani wa zamani: "Kioo. Jiwe la lori lilipasua kioo cha mbele, nikabadilisha."

Kijana akapanda, akafungua kava la plastiki nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, akatuita. Plagi ya sensa ilikuwa imejikunja mle ndani, haijachomekwa popote. Aliyebandika kioo kipya alirudisha kiboksi mahali pake, akasahau waya wake. Kuanzia siku ile ubongo haukuwa na jicho, ukaamini usiku, ukawasha taa. Gari halikuwa bovu. Lilikuwa linafanya lilichofundishwa kufanya.

Kuchomeka kulichukua sekunde tatu. Kisha akaunga upya waya uliokatwa na gereji, akaufunika vizuri, akakata pande zote mbili ule waya wa betri usio na fyuzi, akaanza kupima. AUTO, injini inaunguruma. Akafunika jicho kwa kofia yake kutoka nje ya kioo: taa zikawaka, mbele na nyuma, na alitutuma nyuma tukaangalie. Akaondoa kofia. Taa zikabaki zimewaka. Mjomba akasema, "Bado." Kijana akasema, "Subiri, mzee." Tukasubiri kama dakika moja na ushee, zikazima. Wasiojua kuhusu kuchelewa huko hupima kwa sekunde kumi, wakakata tamaa, wakanunua sensa.

Nimeshaona kesi nyingine za taa hizi tangu hapo, na zote zinaingia kwenye maswali yaleyale ya kijana. Ukiwasha kwa mkono zinawaka? Kama zinawaka, achana na globu na ethi na fyuzi zake. Kosa liko kati ya jicho na ubongo, au kwenye nafasi ya AUTO ya swichi yenyewe. Kama haziwaki hata kwa mkono, achana na jicho. Swali moja, na nusu ya gari imeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Taa moja inawaka na nyingine haiwaki? Hilo si tatizo la AUTO hata kidogo, jicho halichagui kushoto na kulia. Zinawaka mchana kwenye gari lenye jicho la dashibodini? Angalia kwanza kama mwenye gari hajatandika yale mazulia ya manyoya tunayowekea dashibodi kuikinga na jua. Nimeona jicho limefunikwa na manyoya ya rangi ya zambarau na mwenye gari ameshanunua swichi mpya. Zinapepesa baada ya kuwekewa globu za ledi? Ubongo wa magari mengi hupeleka umeme kwa kukatakata haraka haraka, na hupima kama globu inakula umeme wa kutosha. Ledi inakula kidogo, ubongo unadhani globu imeungua, vurugu inaanza. Katika kesi hizi zote mkono wa fundi haufanyi kazi yoyote ya maana hadi swali lijibiwe.

Sasa turudi kwenye hela. Kijana alisema 30,000, kwa saa moja na nusu ya kazi, ikiwemo kuunga waya alioukata mwingine. Mjomba, mtu aliyekuwa amelipa 180,000 kwa kazi iliyotaka kumuua, akaruka.

"Elfu thelathini kwa kuchomeka plagi?"

Nilibishana naye pale pale, mbele ya watu, jambo ambalo mpwa wa kike hapaswi kulifanya. Haikusaidia. Alitoa 15,000 na akaona ametoa na msaada ndani yake. Kijana alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mjomba alipokwenda kujisaidia nikamwomba radhi. Akaniambia bila uchungu wowote, kama anayetoa maelezo ya barabara: "Dada, nikimwambia mteja ni plagi, ananiona mwizi. Nikimwambia sensa imekufa, nikaenda dukani nikarudi na boksi, ananiona fundi."

Hiyo ndiyo biashara tuliyoijenga. Kijana huyu anajua kufikiri, na kila mwezi soko linamfundisha kwamba kufikiri kunamkosesha chakula. Nampa miaka mitatu. Atajifunza kutafuta plagi kimya kimya, kuichomeka mteja akiwa ameangalia simu, kisha kutoka na sensa ya zamani ya gari lingine mkononi na bei ya laki. Siku hiyo na yeye mtamwita mwizi, na mtakuwa mmemsomesha wenyewe.

Najua mnaosoma hapa ni akina nani. Wengi wenu mnalipwa kwa kufikiri. Wewe unayeandika programu umewahi kukesha usiku kucha ukatafuta alama moja ya mkato iliyokosekana. Asubuhi bosi akisema atakulipa bei ya alama ya mkato, utaandika uzi mrefu mtandaoni kuhusu unyonyaji. Wewe mwanasheria unatoza kwa kumsikiliza mtu. Wewe daktari, mgonjwa akitoka kwako umemwambia hana kitu, hela ya kumwona daktari hairudi, na hakuna anayekuita mwizi. Lakini haohao mkiwa gerejini mnataka fundi atafute bure na alipwe kwa kufunga. Mnajua thamani ya fikra ikiwa imevaa shati. Ikiwa imevaa ovaroli yenye grisi mnataka muione kwa macho, iwe na boksi na bei ya dukani.

Kuna majibu ninayoyasikia kila nikisema haya. La kwanza ni umaskini: watu hawana hela ya kulipia uchunguzi. Mjomba alikuwa na 180,000. Ilipatikana, na ilitoka. Mtu asiye na hela ndiye hasa asiyeweza kumudu kununua rilei ya kujaribia.

La pili lina uzito zaidi: watengenezaji wanaficha miongozo, wanafunga kompyuta zao, fundi wa mtaani afanyeje ila kukisia? Ni kweli wanafunga. Wananchi wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi huru habari zilezile wanazowapa mawakala wao, na walirudi kupiga kura nyingine mwaka 2020 kwa sababu vita ilikuwa haijaisha. Kura kama hiyo ikiletwa kwangu nitapanga foleni saa kumi na moja alfajiri. Ila nakataa isitumike kama blanketi la kufunikia kila kitu. Plagi ya mjomba haikuhitaji mwongozo wa kiwanda wala nywila ya mtengenezaji. Ilihitaji mtu aulize kioo kilibadilishwa lini, na ilihitaji mteja anayejua kwamba swali hilo ndilo kazi yenyewe.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo na kinauma mfukoni. Ukipeleka gari, sema kabla boneti haijafunguliwa: ya kutafuta ni shilingi ngapi? Ilipe hata kosa likiwa plagi, hata likiwa manyoya ya zambarau, na hasa likiwa hivyo, kwa sababu hapo ndipo umeokolewa bei ya kifaa. Fundi akikutajia kifaa, muulize amekijuaje. Kama amepima, atakuonyesha. Wanaopima hupenda sana kuonyesha. Kama jibu ni "tujaribu hii kwanza", mwambie ajaribu kwa kifaa chake, na kisipoponya gari kirudi kwenye kabati lake. Na gari likirudi, zunguka nyuma. Mwambie mtu akuwashie taa, usimame mahali ambapo semi ingekuwa, utazame.

Mjomba siku hizi anaendesha kwa AUTO tena, na anawaonyesha abiria kama zamani. Swichi ya kubonyeza bado ipo chini ya usukani. Kijana alitaka kuing'oa siku ile, waya wake hauendi popote, lakini mjomba alimkataza. Alisema ile ameilipia.